Nililinda hewa mbele ya main switch ya mama, nikazidiwa na magunia matatu

Wakuu, habari za mchana huu. Mlioko kazini poleni, tulioko nyumbani tuendelee kujificha.

Haya ninayoandika yametokea kwetu, msimu wa alizeti uliopita. Mama amekaa hapa pembeni na nimemsomea kila aya kabla sijaipandisha. Alipotaka nirekebishe nimerekebisha. Kwa hiyo mkikuta uongo humu, jueni ni wa watu wawili.

Nianze kwa kujitambulisha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina miaka thelathini na minne, nilimaliza form four, na matokeo yangu huwa siyataji watu wakiwa wanakula. Niliwahi kwenda Singida mjini kutafuta maisha. Nikakaa wiki saba, nikarudi kwa sababu nilikikumbuka kitanda changu. Toka hapo sijatoka tena. Dada yangu aliyeolewa Manyoni akipiga simu huwa anamuuliza mama, "Na hiyo fenicha yako haijambo?"

Fenicha ndiyo mimi.

Kwetu ni nje kidogo ya Ikungi. Unaiacha lami ya Dodoma, unaingia ndani kama dakika ishirini kwa mguu. Mama ana mashine ya kukamua alizeti. Ni chumba kimoja kirefu cha tofali za kuchoma, mlango mmoja. Ukiingia, main switch iko ukutani mkono wa kushoto. Mashine iko mwisho kabisa. Katikati ni sakafu.

Naomba mkae na hiyo picha kichwani, maana kesi yote iko kwenye hiyo sakafu.

Sasa kwa wasiojua mashine za huku, niwaeleze foleni yetu ilivyo.

Hatuandiki majina. Hatutoi namba. Gunia ndilo linalopanga foleni. Unakuja asubuhi, unashusha gunia lako nyuma ya gunia la mwenzio, unaenda zako shambani au sokoni. Gunia linakusimamia. Kila mtu analijua lake, kwa kamba aliyofungia au kwa kiraka. Na mtu akilisogeza gunia lako hata hatua mbili, amekuruka foleni. Kuna watu kwetu hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya gunia lililosogezwa, na alizeti yenyewe ilishaliwa zamani.

Foleni hiyo, tangu enzi za marehemu baba, inaanzia kwenye mashine, inakuja imeegemea ukuta wa kushoto mpaka mlangoni.

Ukuta wa kushoto ndio wenye main switch.

Haikuwahi kutusumbua. Kuwasha ni asubuhi, kabla magunia hayajaja. Kuzima ni jioni, magunia yakishakwisha. Katikati ya siku hakuna aliyewahi kuihitaji. Mnaona mantiki ilivyokaa?

Msimu huu mota ya zamani ikafa, mama akanunua nyingine yenye nguvu zaidi. Akaja fundi Shabani kutoka mjini. Mtu mzima, mpole, maneno yake machache. Akafunga mota, akafunga pale ukutani boksi jipya la chuma, kubwa, lenye mlango wake na breaker ya kukatia umeme ndani.

Alipomaliza akageuka, akakuta magunia saba yameshajipanga mgongoni kwake. Watu walikuwa wanayashusha yeye akiwa bado na bisibisi mkononi.

Akauliza kama yale magunia huwa yanakaa pale. Mama akamwambia ndiyo, ndiyo foleni.

Fundi akasema hapana. Mbele ya boksi iachwe mita moja tupu, kutoka uso wa boksi kuja nyuma. Upana mtu asimame bila bega kugusa kitu. Juu kuwe wazi, chini kuwe wazi mpaka sakafuni. Na mlango wa boksi ufunguke wote, usigonge popote.

Mama akauliza kwa nini. Fundi akasema ni ili mtu apate kufanya kazi.

Mama akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi, maana pale ndani ndimi pekee niliyejulikana kwa kutofanya kazi.

Fundi akamuuliza mama, "Anayezima hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi hiyo nafasi ni ya kwako wewe, mama. Siyo ya boksi. Siku likichachamaa ujue pa kwenda."

Mama akamjibu kwa heshima kwamba ni kweli, jengo lote ni lake.

Wakuu, hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza, na sikuwa peke yangu. Fundi alipoondoka tulikaa kikao mimi na mama. Boksi lenyewe halizidi mlango wa kabati la vyombo. Limeng'ang'ania ukutani, halitembei. Sasa mita nzima ya sakafu ni ya nini? Mama akasema labda fundi amezoea viwanda vikubwa. Mimi, kwa elimu yangu ya sekondari, nikahitimisha kwamba boksi linapumua. Linapata joto, linataka hewa.

Nikayavuta magunia yakaachana na boksi kama shubiri moja. Nikaona nimelitendea haki.

Wiki ya pili fundi akaja kuitazama mota kama alivyoahidi. Akajaribu kufungua mlango wa boksi. Ukafunguka theluthi, ukagonga gunia.

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, akanionyesha mita moja ni kutoka wapi mpaka wapi, kama unavyomwonyesha mtoto. Nikayahamisha magunia ya mbele nikayapanga kushoto na kulia kwa boksi, ikawa kama kichochoro. Akaingia kwenye kichochoro, mabega yote mawili yakagusa. Akatoka.

Nikapanua.

Kisha akainama, akaona tetea.

Nikiri hapa. Chini ya boksi nilikuwa nimeweka tetea anayeatamia, kwenye kikapu. Pale pana uvuguvugu mzuri, na magunia yakibanana hivyo mbwa hapiti. Fundi akamtazama tetea, tetea akamtazama fundi. Nikajitetea kwamba yuko siku ya kumi na mbili, akisogezwa anaweza kuyasusa mayai. Tukajadiliana pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwisho tetea akahama, na hakususa, alikuwa na akili kunizidi.

Fundi akaniambia nichore chini kwa rangi, ili kila anayeingia ajue. Hilo nililipenda. Jirani alikuwa na rangi ya njano iliyobaki kwenye kibanda chake. Nikachora mraba mbele ya boksi, mistari imenyooka kweli kweli. Nikamwita mama aje aone. Akasema mara ya mwisho kuniona nimetoka jasho ni nilipokuwa na malaria.

Kesho yake asubuhi nikakuta gunia katikati ya mraba. Limekaa katikati kabisa, kwa heshima zote.

Lilikuwa la Mama Neema, mteja wetu wa siku zote. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kwamba ameona tumechora, akajua tumeanzisha utaratibu, kwamba anayefuata kukamuliwa anakaa kwenye boksi la njano. Akanisifia. Akasema ni jambo zuri, litapunguza ugomvi.

Kufika saa tano magunia matano yamo kwenye mraba, na wenyewe wanabishana nani ameingia wa kwanza. Rangi yangu ilikuwa imezaa foleni ya pili ndani ya foleni.

Mama akachoka. Akaniambia, "Wewe si huna kazi? Haya, kazi yako ni hiyo. Kaa hapo asiweke mtu kitu."

Wakuu, ndivyo nilivyopata ajira yangu ya kwanza.

Nikachukua kiti cha plastiki, nikakiweka ndani ya mraba, nikakaa. Siku ya pili fundi akapiga simu kuulizia mota, mama akamsimulia kwa furaha kwamba kijana yuko pale amekaa analinda. Akauliza amekaa wapi. Akaambiwa. Akasema kiti nacho kitoke, na mimi nitoke.

Hebu mnisaidie. Nailindaje nafasi ambayo hata mlinzi wake haruhusiwi kukaa? Nilihamia upande wa pili wa chumba, nikawa nimeikabili ile sakafu tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mnajua mtu anayetazama televisheni iliyozimwa? Ndiyo mimi.

Watu hawakunionea huruma. Wakanipa cheo, Mwenyekiti wa Hewa. Mtu akiingia anaanza na mimi. Mwenyekiti, hewa imeamkaje? Mwenyekiti, hii ya leo mbona kama imepungua, au kuna watu wameiba? Mzee mmoja akaniuliza kama ninatafuta msaidizi, ana mjukuu mvivu. Mama Neema ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Akipita kwenye mraba anaukwepa kwa kunyanyua khanga, kama anavuka mto.

Na mimi nilikuwa naona wana haki. Kilichonichosha si matani, ni kwamba hata mimi sikujua ninacholinda. Mtu akiniuliza kwa ustaarabu kabisa, nafasi hii ni ya nini, nilikuwa nasema fundi amekataza. Fundi amekataza kwa nini? Mtu afanye kazi. Kazi gani? Hapo naenda kunywa maji. Kwa siku zote hizo hakuna aliyefanya kazi yoyote pale. Mama anawasha asubuhi, anazima jioni, sekunde tano.

Nililinda siku tisa.

Siku ya kumi akaja Mzee Njiku.

Huyu alikuwa rafiki wa marehemu baba. Ndiye aliyesimamia mazishi yake. Ametoka mbali, na mkokoteni wa punda, magunia matatu. Foleni siku hiyo ilikuwa imetoka nje ya mlango, na huko nje kulikuwa na mbuzi wa watu. Mbuzi wawili wameshatoboa gunia la mtu, wanakula alizeti huku wanakutazama usoni.

Nikainuka, nikampa shikamoo, nikampokea fimbo. Akapitisha macho ndani. Akaona mraba.

"Mwanangu, mbuzi watanimaliza. Niwekee hapo, nikanywe chai kwa mama yako, narudi sasa hivi."

Nikamwambia hapo fundi amekataza.

"Kwani hapo pana nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimepatazama siku tisa, lakini nikatazama tena.

Nikamwambia, "Hapana kitu, mzee."

"Basi."

Niambieni ninyi mngefanyaje. Mzee aliyemzika baba yako amesimama juani, ana magunia matatu, na wewe unamnyima sakafu ambayo umekiri kwa mdomo wako haina kitu. Nilimsaidia kuyabeba. Niliyapanga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya boksi.

Mzee akanywa chai. Chai ikazaa ugali. Waliokuja baada yake wakaona magunia matatu ndani ya mraba na Mwenyekiti amekaa kimya, wakajua sheria imefutwa. Saa nane mchana kulikuwa na magunia manane pale, yamepandana mpaka usawa wa kifua, yameacha upenyo wa mtu kupita kiubavu kati yake na ukuta.

Ningeyatoa? Ya mzee ndiyo yalikuwa chini. Kuyatoa ni kumruka foleni. Nikajiambia akija kukamua yatatoka yenyewe.

Sasa kumbukeni kwamba alizeti tunaipasha moto kabla ya kukamua. Chumba kizima muda wote kinanukia kuungua kwa utamu fulani hivi. Kwa hiyo iliponijia harufu ya plastiki, nilifikiri kuna mtu ameleta alizeti yenye uchafu. Hata nikaanza kuwaza ni nani, ili nimtanie.

Mama ndiye aliyeshtuka. Yeye yuko kule mwisho, kwenye mashine. Akasema mota inalia vibaya. Akabonyeza kitufe cha mashine, mota ikanyamaza.

Harufu haikuondoka. Na juu ya magunia, pale penye boksi, nikaona uzi wa moshi.

Mama akaja anafuta mikono kwenye kitenge. Akaniambia nitoke nje nitoe na watu. Yeye anaenda kuzima yote.

Mama yangu si mwembamba. Akaingia kwenye ule upenyo kiubavu, mgongo umekwaruza magunia. Akavuta mlango wa boksi, ukafunguka kidogo ukagonga gunia, kama siku ile. Akapitisha mkono kwenye uwazi uliopatikana.

Mimi nilikuwa mlangoni. Hii sehemu nimeiandika mara tatu, mama anasema sijaipata, lakini nitaiacha hivi.

Kulitokea mwanga mweupe na mlio kama sufuria limeangushwa kwenye sementi. Mama akaruka nyuma. Hilo nililiona kabisa, ameruka nyuma, mkono ameshautoa. Halafu nikamwona yuko mbele tena. Kwenye boksi. Sikuelewa amefikaje. Akapiga ukelele mmoja, akakaa chini kati ya ukuta na magunia, nikawa sioni kitu ila kilemba chake.

Nikakimbilia magunia.

Na sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mama. Nilishika gunia la juu kabisa, nikaliweka sakafuni. Nikashika la pili, nikaliweka nyuma ya lile la kwanza. Nikashika la tatu, nikaanza kutafuta kamba yake ni ya nani, nijue linakaa mbele au nyuma.

Mkuu, mama yangu yuko kule chini, na mimi nahifadhi foleni.

Mama Neema ndiye aliyenisukuma. Akaanza kuyarusha magunia kama mito, alizeti ikamwagika mpaka nje kwa mbuzi. Tukampata mama. Tukamvuta kwa kiuno. Baadaye fundi alituambia hata hilo tulikosea, hatukujua kama umeme umekata. Ulikuwa umekata. Fyuzi ya kule kwenye nguzo iliondoka na ule mlio. Isingeondoka, sijui uzi huu wa jukwaani angekuwa anauandika nani.

Alikuwa anapumua, anaongea. Kiganja cha kulia na mkono mpaka karibu na kiwiko vilikuwa vimeungua. Mtu akashauri tumpake mafuta ya alizeti, tulikuwa tumezungukwa nayo. Mama mwenyewe akasema maji. Tukammwagia maji ya ndoo mfululizo, tukampeleka kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia. Nesi akasema tulifanya vizuri kuishia kwenye maji.

Sasa njooni kwenye kilichonichanganya zaidi ya vyote.

Wageni walianza kuja kumpa pole. Na kila aliyekuja alikuwa na maneno yaleyale. Ashukuriwe Mungu magunia yalikuwepo. Angeangukia sakafuni angepasua kichwa. Yale magunia yalimdaka kama godoro.

Na mimi nikaamini! Si kuamini tu, nilianza kujisikia nafuu. Kumbe kosa langu ndilo lililomwokoa. Siku ya pili nilikuwa nawasimulia wageni mwenyewe, nawaonyesha kwa mikono jinsi alivyoangukia palaini. Mama amelala pale kitandani, mkono umefungwa bendeji, anatazama dari.

Siku ya tatu akaja Mzee Njiku. Alikuja kwa mguu, hakutumia mkokoteni. Akakaa, akavua kofia. Akasema anashukuru magunia yake yalimfaa mgonjwa, kwamba angalau alizeti yake imefanya jambo jema mwaka huu.

Nikaitikia ndiyo, mzee, yalimdaka.

Mama akageuza kichwa.

"Hayakunidaka. Mzee, mimi nilikuwa nimeshatoka. Mkono nilikuwa nimeshautoa, nimeungua kidogo tu kwenye vidole. Nikaruka. Gunia likanirudisha."

Akanyanyua ule mkono wenye bendeji, tuuone.

Akaendelea, taratibu, na hapo akawa anachanganya na Kinyaturu kama anavyofanya akichoka. Akasema mtu akishtuka harukii mbele, anarukia nyuma. Yeye alirukia nyuma kwa nguvu zake zote, magunia hayakusogea, yakamtupa kulekule alikotoka. Akanyoosha mkono ili asigonge uso, na mkono ukatua kwenye chuma kilichokuwa kinawaka. Kuungua kule kwa kwanza ni kwa boksi, akasema. Huku kwa pili, kwa mkono mzima, ni kwa magunia.

Ndipo nikaelewa nilichokiona nikiwa mlangoni. Mbele, nyuma, mbele tena.

Mzee Njiku akaanza kuigeuza kofia. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli.

"Mwanangu, mbona uliniambia hapo hapana kitu?"

Mpaka leo, nikiwa nafua nguo au nakaanga mayai, hilo swali linanirudia na bado natafuta jibu.

Fundi Shabani alikuja kesho yake. Alifungua boksi, akakuta waya mmoja ulilegea kwenye skrubu yake, ukachemka mpaka ganda likayeyuka. Akasema kosa hilo ni la kwake. Mara ya pili alipokuja alipaswa kukaza skrubu zote upya, lakini alikuta mlango haufunguki, siku ikaishia kwenye kuhamisha magunia na kubishana juu ya kuku, akasema atarudi. Alisema hivyo mbele ya mama, amesimama, mikono nyuma. Mama akamwambia akae anywe chai.

Kwa hiyo kazi aliyosema mtu ataifanya pale ilikuwepo. Ilikuwa yake, na nafasi yake ya kuifanya tulikuwa tumeijaza.

Mnataka kujua suluhisho lilikuwa nini? Tuliihamishia foleni ukuta wa kulia. Basi. Ukuta wa kulia upo, umekuwepo tangu chumba kijengwe, hauna kitu chochote. Hakuna aliyewahi kuufikiria, mimi nikiwa wa kwanza, niliyeketi nimeuegemea zaidi ya wiki.

Mimi nisingeweza kuihamisha, watu wangenila. Mzee Njiku ndiye aliyefanya. Alikuja asubuhi mashine ilipofunguliwa tena, akalibeba gunia lake mwenyewe, akalishusha kulia, karibu na mashine. Akasema foleni inaanzia hapa. Wakafuata mmoja mmoja. Kuna aliyenung'unika kwamba alikuwa wa tatu amekuwa wa tano. Mzee akamwambia aende akampelekee malalamiko hayo mama kitandani.

Mkono wa mama umepona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri. Hawezi tena kufunga fundo la gunia. Kwa hiyo ninafunga mimi. Ninawasha mimi, ninazima mimi. Kila Jumamosi, umeme ukiwa umezimwa, ninafagia ule mraba na kukagua kama mlango wa boksi unafunguka wote. Dada amepiga simu juzi akauliza kama ni kweli fenicha inafanya kazi. Mama akamwambia ndiyo, lakini usiisifu sana itarudi kulala.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikipata kwa mkono wa mtu mwingine. Ukiambiwa uache nafasi mbele ya switch, usiulize boksi linataka nini. Boksi halitaki kitu. Jiulize nani kwenu ndiye anayekwenda kuzima mambo yakiharibika. Kwa wengi wetu ni mama. Yule ndiye atakayeruka nyuma, na hatageuka kwanza kutazama mmeweka nini.

Bado nimechanganyikiwa na mambo mengine. Mafundi humu, hebu nielewesheni, kwa nyumba ya kawaida ya kupanga nayo inatakiwa hiyohiyo mita moja? Nauliza kwa sababu nimeshaona switch nyuma ya friji, nyuma ya kabati, na moja iko ndani ya stoo ya mahindi.

Lakini kabla hujanijibu, mkuu, inuka hapo ulipo. Nenda kasimame mbele ya main switch yenu. Usifungue, usiguse chochote, simama tu kama mtu anayetaka kuizima. Kisha ruka hatua moja nyuma, ghafla, bila kugeuka.

Mgongo wako umegusa nini? Rudi uandike hapa chini. Nasubiri, siendi popote.